Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kumtetea Mfungwa Aliyefungwa kwa Sababu za Kisiasa

Maswali haya yametoka kwa kaka, dada, wazazi, wanafunzi wenzake na waumini wenzake: watu ambao juzi hawakujua masjala ya mahakama iko mlango gani, na leo wamebeba mzigo wa kumtoa mtu jela. Wengi hufika wakiuliza maandamano yatakuwa lini. Sisi huwauliza kwanza kama nakala ya hukumu wanayo.

Kama una haraka, soma swali la 3, la 5 na la 6 kabla ya kufanya jambo lolote hadharani. Mengine yatasubiri.

## Kabla ya yote

1. Mfungwa wa kisiasa ni nani hasa?

Hakuna mkataba wa dunia nzima unaotoa tafsiri moja, ndiyo maana ni rahisi kwa serikali yoyote kusema kwamba haina wafungwa wa kisiasa, ina wahalifu tu. Tafsiri inayofaa zaidi kwa kazi yetu ilipitishwa na Bunge la Baraza la Ulaya mwaka 2012, katika Azimio namba 1900. Inataja hali tano, na mojawapo inatosha. Kifungo kimevunja uhuru wa msingi, kama wa mawazo, dini, kujieleza au kukusanyika. Au mtu amefungwa kwa siasa tupu, bila kosa lolote. Au siasa zimefanya kifungo kiwe kirefu au kikali kupita kiasi kwa kosa lenyewe. Au siasa zimefanya abaguliwe akilinganishwa na wengine. Au kesi iliendeshwa bila haki, na dalili zinaonyesha kuwa ni siasa zilizoisukuma.

Itazame vizuri hali ya tatu na ya nne. Mtu anaweza kuwa kweli alichelewesha kodi au alifanya mkutano bila kibali, na bado akawa mfungwa wa kisiasa, kwa sababu mia moja wengine waliofanya hivyo hivyo walitozwa faini wakaenda nyumbani. Familia nyingi hujifunga zenyewe kwa kudhani lazima zithibitishe kuwa ndugu yao ni malaika.

2. Na "mfungwa wa dhamiri" ni kitu kingine?

Ndiyo, na ni kundi dogo zaidi. Jina hili lilienezwa na Amnesty International, iliyoanza mwaka 1961 baada ya wakili Mwingereza Peter Benenson kuandika makala katika gazeti la The Observer kuhusu wafungwa waliosahaulika. Ni mtu aliyefungwa kwa ajili ya imani, maoni au asili yake, ambaye hakutumia nguvu wala kuhimiza zitumike.

Sharti hilo la mwisho ni zito. Mwaka 1964 Amnesty iliamua kwamba Nelson Mandela hawezi kuitwa mfungwa wa dhamiri, kwa kuwa alikubali matumizi ya nguvu dhidi ya ubaguzi wa rangi. Je, hakuwa mfungwa wa kisiasa? Alikuwa, na dunia nzima ilimdai. Kwa hiyo shirika likikwambia kwamba mtu wako haingii katika kundi lao, halijasema kwamba kifungo chake ni halali. Uliza ni msaada gani mwingine wanaweza kutoa.

3. Nitajuaje kama kweli ameonewa, na si mapenzi yangu kwake yanayosema?

Soma hukumu yote, neno kwa neno, ukiwa na kalamu. Kisha soma mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu ya yote yaliyosemwa mahakamani. Kuna dalili zinazojirudia katika kesi za kubambikiwa: hati ya mashtaka iliyobadilishwa mara kadhaa, kukiri kosa akiwa mikononi mwa polisi bila wakili, miaka ya kuambiwa upelelezi haujakamilika, halafu kesi inakimbizwa kwa wiki mbili, mashahidi wa utetezi kukataliwa, kukamatwa siku chache baada ya hotuba au kabla ya uchaguzi, na kesi nzima kuning'inia kwenye mdomo wa shahidi mmoja.

Hilo la shahidi mmoja lichunguze kwa makini. Geronimo Pratt, kiongozi wa Black Panther (chama cha Wamarekani weusi waliopigania haki zao) huko Los Angeles, alitiwa hatiani kwa mauaji mwaka 1972. Shahidi mkuu aliapa kwamba hakuwa mtoa habari wa vyombo vya dola. Alikuwa mtoa habari, na upande wa utetezi haukuambiwa. Hukumu ilifutwa mwaka 1997, baada ya Pratt kukaa ndani miaka ipatayo 27. Baadaye alihamia Tanzania, na huko ndiko alikofariki mwaka 2011. Walioshinda kesi ile hawakushinda kwa kusema Pratt ni mtu mwema. Walirudi kwa yule shahidi, mara ya kwanza, ya pili, ya tano, mpaka karatasi ikapatikana.

Ukimaliza kusoma, andika ushahidi mzito kuliko wote dhidi ya mtu wako, kwa maneno ambayo mwendesha mashtaka mwenyewe angeyakubali. Kama huna jibu, bado hujawa tayari kusimama mbele ya watu.

4. Sina hakika kwamba hana hatia. Naweza bado kumtetea?

Unaweza, ukichagua maneno yako. "Hakufanya" ni dai moja. "Hakupewa haki ya kusikilizwa" ni dai jingine, na ibara ya 14 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa inampa haki hiyo kila mshtakiwa, awe amefanya kosa au hakufanya: mahakama huru, muda wa kujiandaa, wakili anayemtaka, kuwahoji mashahidi wanaomshtaki. Ukiwa na uhakika wa dai la pili tu, lidai hilo pekee. Usiongeze la kwanza kwa sababu linasikika vizuri kwenye kipaza sauti.

## Kuanza kazi

5. Tuanzie wapi?

Kwenye karatasi. Tafuta hati ya mashtaka, mwenendo wa kesi, nakala ya hukumu iliyogongwa muhuri, orodha ya vielelezo, hati ya kumpeleka gerezani na karatasi zote za rufaa kama zipo. Karani akisema jalada halionekani, omba kwa barua, ubaki na nakala iliyopokewa kwa muhuri na tarehe. Barua tano za namna hiyo zisizojibiwa ni ushahidi: zinasaidia kuonyesha kwamba mlizuiwa kukata rufaa.

Siku hiyo hiyo muulize wakili muda wa kukata rufaa unaisha lini. Mara nyingi ni siku chache tu, na nimeona familia zikiupoteza huku zikichapisha fulana.

Kisha tengeneza mfuatano wa matukio: tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo, na karatasi gani inathibitisha. Pasipo na karatasi, andika wazi "kwa maelezo ya mke wake" au "kwa maelezo ya mwenyewe". Kurasa mbili hizi zitafanya kazi kuliko hotuba zote. Mwandishi wa habari, mwanadiplomasia na wakili mpya wote wataziomba kwanza. Weka nakala za faili sehemu tatu tofauti, moja ikiwa kwa mtu asiyejulikana kuwa mwenzenu. Karatasi halisi zisitoke nje ya mahali pake.

6. Lazima tumuulize mwenyewe kwanza?

Lazima. Yeye ndiye atakayelala kwenye seli ile usiku baada ya mkutano wenu na waandishi. Muulize mambo matatu: anataka kesi yake ijulikane? Nini kisitajwe kabisa? Na nani aseme kwa niaba yake? Ikiwezekana apige saini. Kama haonekani, muulize wakili wake, au ndugu aliyekuwa akimshirikisha mambo yake kabla ya kukamatwa.

Hapa ndipo kamati nyingi huvunjika, maana mfungwa anaweza kutaka kile ambacho ninyi hamkitaki. Ninyi mnataka mapambano, yeye anataka kumwona binti yake kabla hajaanza shule. Au ninyi mnataka akubali masharti atoke, yeye hataki (tazama swali la 21). Mshaurini kwa nguvu zote, mwambieni ukweli mnaoujua, halafu uamuzi uwe wake.

7. Wakili anasema tukae kimya. Tumsikilize?

Muulize tunyamazie lipi, na hadi lini. Wakili mzuri atakujibu: "Msimtaje shahidi wa tatu mpaka nimhoji," au "Msijadili ushahidi wakati shauri liko mbele ya jaji, mtashtakiwa kwa kudharau mahakama." Hizo ni sababu, zifuateni. Akijibu tu kwamba kelele hazisaidii, tafuteni ushauri wa wakili wa pili. Kuhusu afya na usalama wa mfungwa, hakuna wakili anayepaswa kuwanyamazisha.

8. Kamati iwe ya watu wangapi, na pesa akae nazo nani?

Watano wanatosha kuanza: mtunza faili, msemaji, mweka hazina, wa kuwasiliana na wakili, na wa familia. Msemaji asiwe mweka hazina. Kila mchango uandikiwe risiti, na hesabu isomwe kwa wote kila mwezi, hata kama ni ndogo ya kutia aibu. Wanaotaka kuiangusha kampeni huanza na swali la pesa.

## Akiwa gerezani

9. Tuandike nini kwenye barua, na tuzungumze nini tukimtembelea?

Andika ukijua kwamba ofisa wa gereza atasoma kabla yake. Usiandike mikakati ya kesi, majina ya mashahidi wala mnayopanga. Hayo yapite kwa wakili. Kanuni za Nelson Mandela, ambazo Umoja wa Mataifa ulizipitisha mwaka 2015, zinasema askari anaweza kuona mfungwa akizungumza na wakili wake lakini asisikie.

Zipe barua namba. Ya 1, ya 2, ya 3. Akijibu kwamba amepata ya 2 na ya 5, mmejua mara moja ngapi zimezuiwa, na mna la kulalamikia kwa maandishi. Na zisiwe barua za kesi tupu. Mweleze mti uliopandwa nyuma ya nyumba umefika wapi, nani ameoa, mtoto amejifunza neno gani. Waliotoka jela wametuambia mara nyingi kwamba barua walizozisoma hadi zikachanika ndizo hizo.

10. Ameteswa, au anaumwa, au amewekwa peke yake. Tufanye nini sasa hivi?

Hili halisubiri kikao. Siku hiyo hiyo andikeni: nani alimwona, saa ngapi, aliona nini kwa macho yake (uvimbe, kuchechemea, kushindwa kushika kalamu) na alichosema mfungwa kwa maneno yake mwenyewe. Wakili apeleke barua kwa mkuu wa gereza na nakala mahakamani, akidai daktari huru. Kuna mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza na kuandika mateso, unaoitwa Itifaki ya Istanbul, wa mwaka 1999. Daktari anayeufuata hutoa ripoti ambayo ni vigumu kuitupa.

Kuhusu kuwekwa peke yake, Kanuni za Mandela zinataja vipimo. Ni kifungo cha upweke mtu akikaa saa 22 au zaidi kwa siku bila mawasiliano ya maana na binadamu, na kikizidi siku 15 mfululizo ni marufuku. Hesabuni siku. "Yuko siku ya 19" ni sentensi yenye nguvu kuliko "wanamtesa kisaikolojia".

11. Amehamishwa gereza na hakuna anayetuambia yuko wapi.

Wakili aombe mahakama iamuru aletwe mbele yake. Wakati huo huo tumieni njia za haraka za kimataifa (tazama swali la 17). Mtu asiyejulikana alipo yuko hatarini kuliko mtu aliye katika gereza baya linalojulikana.

12. Tuwaambie nini watoto wake?

Ukweli unaolingana na umri wao, kabla hawajausikia shuleni. Mtoto aliyeambiwa baba amesafiri atajua siku moja, na kuanzia siku hiyo hatawaamini ninyi. "Baba yuko gerezani. Sisi tunaamini hakutendewa haki, na tunafanya kazi ili arudi. Hatujui atarudi lini." Maneno hayo ni magumu kuyatamka. Yatamke ukiwa umemshika. Na msimpandishe mtoto jukwaani hata kama picha yake ingegusa dunia nzima. Ana maisha ya kuishi baada ya kampeni.

## Kupaza sauti

13. Tukipiga kelele, hawatamtesa zaidi?

Hakuna swali linaloulizwa kwa hofu kama hili, na jibu la mkato lingekuwa uongo. Zipo kesi ambazo kelele zilileta kisasi. Lakini siku za kwanza baada ya kukamatwa, kimya ndicho rafiki wa mtesaji: anahitaji kuamini kwamba hakuna anayehesabu. Mwaka 1973 profesa Luiz Basilio Rossi alikamatwa Brazil chini ya utawala wa kijeshi. Amnesty ikaomba watu wa nchi mbalimbali waandike barua mara moja. Ndiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kutumia njia hiyo ya dharura. Rossi alitoka akiwa hai.

Umaarufu nao una mipaka. Mwandishi Carl von Ossietzky alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 1935 akiwa mfungwa wa Wanazi. Kampeni ya kumpigania ilisaidia atolewe kambini na kupelekwa hospitali, lakini hakupata tena uhuru wake na alikufa mwaka 1938, mwili ukiwa umekwisha kuharibiwa. Walichelewa.

Kwa hiyo pimeni pamoja na mfungwa na wakili. Msipoweza kuwauliza na mna sababu ya kuamini anateswa, semeni.

14. Barua kwa viongozi zina maana yoyote, au zinaishia kwenye kapu la taka?

Barua moja, mara nyingi ndiyo, inaishia kapuni. Mia tano kwa mwezi zinahitaji mtu wa kuzifungua, na mtu huyo humwambia mkubwa wake. Mkuu wa gereza anayepokea barua kutoka nchi saba kuhusu mfungwa mmoja huanza kumkumbuka kwa jina.

Iwe ukurasa mmoja, yenye jina kamili, namba ya mfungwa, namba ya kesi, jambo moja linaloombwa na sababu yake. Iwe ya heshima. "Mheshimiwa" haipunguzi haki ya mtu yeyote. Kila mmoja aandike kwa maneno yake, kwani barua mia zenye sentensi zile zile huhesabiwa kama moja.

15. Mitandaoni tuseme nini?

Semeni kile tu mnachoweza kukionyesha kwa karatasi. Ukisema amenyimwa dawa wiki tatu na ikawa ni siku tisa, msemaji wa serikali atazungumzia zile siku kumi na mbili za uongo mwezi mzima, na hizo tisa za kweli zitafutika. Msitaje wafungwa wenzake. Msitaje askari aliyewapa habari, wala kuandika kwa namna ambayo atajulikana. Na kabla ya kuchapisha picha yoyote ya gerezani, jiulizeni nani ataadhibiwa kwa kuipiga.

16. Aliwahi kusema maneno ambayo hata sisi yanatuudhi. Na chama kimoja kinataka kuichukua kampeni yake.

Maneno yake yasemeni ninyi kabla ya wapinzani: alisema hivi, tarehe fulani, hatukubaliani nayo, na hayampi mtu kifungo cha miaka kumi na tano. Mkiyaficha, siku yatakapoibuliwa, marafiki zenu waaminifu ndio watakaoondoka kwanza.

Kuhusu chama, pokeeni msaada wa kila mtu lakini jina la kampeni libaki la mfungwa. Chama kina uchaguzi wake na ratiba yake. Siku kikielewana na serikali, mtu wenu anaweza kuwa si sehemu ya maelewano hayo. Ombeni saini za watu wanaopinga siasa zake kabisa. Moja ya hizo ina uzito wa saini hamsini za mashabiki.

## Sheria, ndani na nje ya nchi

17. Rufaa imeshindwa. Kuna mlango gani mwingine?

Ndani ya nchi, mara nyingi kuna maombi ya mapitio kukiwa na ushahidi mpya au kosa lililo wazi, na kuna msamaha (swali la 21). Nje ya nchi, mlango ulio wazi kuliko yote ni Kikundi Kazi cha Umoja wa Mataifa kuhusu Uwekaji Kizuizini Kiholela. Kilianzishwa mwaka 1991 na kina wataalamu huru watano. Hakidai kwanza mmalize rufaa za ndani, hakitozi ada, na malalamiko yanaweza kuletwa na familia au shirika. Serikali hupewa siku 60 kujibu, kisha kikundi hutoa maoni yanayochapishwa: kifungo ni cha kiholela au la. Kwa mtu aliye hatarini leo, hutuma ombi la dharura kabla ya kuamua chochote.

Kinaangalia aina tano: kifungo kisicho na msingi wa sheria, kifungo kwa kutumia haki kama kujieleza, kesi iliyovunja vibaya haki ya kusikilizwa, wahamiaji na waomba hifadhi wanaoshikiliwa muda mrefu bila njia ya kupinga, na ubaguzi, ukiwemo wa maoni ya kisiasa. Andikeni mkitaja aina gani, na ushahidi gani unaingia wapi. Ule mfuatano wa matukio wa swali la 5 ndio uti wa mgongo wa ombi lenu.

18. Na mahakama za Afrika?

Ziko njia tatu ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Banjul, Gambia. Ibara ya 56 ya Mkataba wa Afrika inataka mmalize njia za ndani, isipokuwa zimecheleweshwa kupita kiasi. Msitegemee habari za magazeti peke yake. Na lugha isiwe ya matusi. Sharti la lugha si pambo. Shauri dhidi ya Kameruni liliwahi kukataliwa, na lugha yake ilikuwa miongoni mwa sababu. Hasira zenu ni za haki, ila ziwekeni mbali na maombi.

Ya pili ni Mahakama ya Afrika, Arusha. Mtu binafsi anaweza kuifikia moja kwa moja tu kama nchi yake imetoa tamko la kuruhusu, na baadhi zimeyaondoa matamko yao, zikiwemo Rwanda mwaka 2016, Tanzania mwaka 2019, Benin na Côte d'Ivoire mwaka 2020. Hakikisheni hali ya nchi yenu kwanza.

Ya tatu, nayo iko Arusha, ni Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, kwa nchi wanachama wa jumuiya. Haidai mmalize rufaa za ndani, lakini muda wake wa kufungua shauri ni miezi miwili tu, na hauongezwi kwa huruma. Haikai kama mahakama ya rufaa. Inapima kama nchi imevunja mkataba wa jumuiya.

Vyombo vingi hukataa shauri linaloshughulikiwa kwingine. Chagueni na wakili kabla ya kutuma kila mahali.

19. Tumeshinda nje ya nchi, mbona bado yuko ndani?

Kwa sababu gereza lina funguo zake. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua Desemba 2019 kwamba Osman Kavala, mfanyabiashara na mwanaharakati wa Uturuki, alifungwa kwa nia ya kumnyamazisha, na ikataka aachiwe. Mwaka 2022 mahakama za ndani zilimhukumu kifungo cha maisha.

Ushindi huo ni chombo cha kazi. Upelekeni kwa wabunge, balozi, wafadhili wa serikali na kila mkutano ambao waziri wa sheria wa nchi hiyo atahudhuria. Ombeni jambo moja linalopimika: aachiwe, au atibiwe, au kesi isikilizwe upya, na tarehe ya kujibu.

## Mambo magumu

20. Shahidi aliyemtia hatiani anataka kukana ushahidi wake. Turekodi?

Msimguse ninyi. Mtafutieni wakili wake mwenyewe, asiye wenu, kabla hajasaini chochote. Katika kesi ya Kapenguria, Kenya, Jomo Kenyatta alihukumiwa mwaka 1953 miaka saba ya kazi ngumu, na shahidi muhimu alikuwa Rawson Macharia. Mwaka 1958 Macharia aliapa kwamba alidanganya. Wakoloni wakamshtaki yeye kwa kiapo hicho kipya, na akafungwa. Shahidi wenu anaweza kupatwa na hilo hilo. Anahitaji kujua hatari hiyo, na aamue akiijua. Na msimpe pesa hata ya nauli. Risiti hiyo itafuta kila neno lake.

21. Serikali inampa msamaha. Akubali?

Msamaha humtoa mtu. Mara nyingi hauifuti hatia. Alfred Dreyfus, ofisa Myahudi wa jeshi la Ufaransa, alihukumiwa kwa uhaini mwaka 1894 na kupelekwa Kisiwa cha Shetani. Kesi iliporudiwa mwaka 1899 alitiwa hatiani tena, kisha akapewa msamaha. Aliupokea akiwa mgonjwa, akatangaza kwamba ataendelea kutafuta jina lake. Baadhi ya waliompigania walikasirika, wakaona amewaangusha. Mwaka 1906 hukumu ilifutwa kabisa. Mandela naye aliletewa uhuru wa masharti mwaka 1985, akaukataa, na binti yake Zindzi akausoma ujumbe huo Soweto. Alitoka Februari 1990. Victoire Ingabire, mwanasiasa wa upinzani wa Rwanda, ambaye Mahakama ya Afrika iliamua mwaka 2017 kwamba haki zake zilivunjwa, alitoka mwaka 2018 kwa msamaha wa rais.

Sioni kwamba aliyekataa ana heshima kuliko aliyekubali. Someni masharti na wakili: anatakiwa kukiri? kuomba radhi? kuacha siasa? kutoka nchini? je, atapoteza haki ya kuendelea na mapitio? Kisha rudini kwenye swali la 6.

22. Nimegundua jambo linaloonyesha kwamba alifanya kosa kweli.

Mpelekee wakili, peke yake, leo. Usiliweke kwenye kundi la ujumbe wa simu. Inawezekana lina maelezo. Likiwa kweli, badilisheni dai lenu lilingane na ukweli (swali la 4), na waombeni radhi watu mliowaambia vinginevyo. Itauma. Ila kuna wafungwa wengine nyuma yenu ambao siku moja wataomba waaminiwe, na wataulizwa kuhusu ninyi.

23. Na sisi tuko salama?

Si lazima. Gawaneni hatari: asiyeweza kujulikana atunze faili, mwenye jina kubwa aseme. Kila mmoja awe na namba ya wakili aliyoikariri, na mtu wa kumwarifu asiporudi nyumbani. Asiyetaka kuendelea aondoke bila kulaumiwa.

24. Miaka sita imepita. Watu wamechoka.

Punguzeni kazi, msiiache. Barua moja kwa mwezi, ziara moja, tangazo moja siku ya kumbukumbu ya kukamatwa kwake. Kampeni ndogo inayodumu humfaa zaidi kuliko kubwa iliyokufa. Badilishaneni zamu, na mjaribu sana mama yake asiwe anaachwa kwenda gerezani peke yake.

25. Ametoka. Sasa?

Wiki ya kwanza: daktari, usingizi, familia. Mikutano ya waandishi isubiri mpaka aseme yeye. Atashtuka mlango ukifungwa, na simu zitamchanganya; mwacheni ajifunze taratibu. Baada ya hapo wakili aangalie kama hukumu inaweza kufutwa na kama anastahili fidia. Ibara ya 14 ya ule mkataba wa swali la 4 inaitaja kwa mtu ambaye hukumu yake ya mwisho imebatilishwa kwa ukweli mpya ulioonyesha kwamba alionewa. Akitaka kazi, msaidieni kuipata, maana waajiri wengi wataogopa jina lake.

Na lile faili, lenye barua zenye namba, risiti, mihuri na kurasa mbili za mwanzo, mkabidhini mkononi mwake.